Umbo la chembe ya maziwa ya unga huanzia kwenye kinyunyizio

Unga wa maziwa ukitoka mwepesi kupita kiasi, mafundi wengi hukimbilia kupunguza joto la hewa. Mimi hupanda kwanza juu ya mnara wa kukaushia, ambamo maziwa hunyunyizwa kwenye hewa ya moto, kuangalia maziwa yananyunyizwa kwa kifaa gani.

Maziwa hufika pale yakiwa mazito, karibu nusu yake yabisi (yaani vitu visivyo maji), yakapasuliwa kuwa matone. Lita 1 ikigawanywa kuwa matone ya mikromita 100 (sehemu ya kumi ya milimita), nyuso zake kwa jumla hufikia mita za mraba 60, na ndiyo sababu maji huondoka upesi hivyo. Tone hukauka nje kwanza na kufanya ngozi. Kinachofuata kinategemea sana kilichonaswa ndani.

Kinyunyizio kimoja ni diski inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika; hurusha maziwa ukingoni, lakini papo hapo huvuta hewa kama feni na kuichanganya na maziwa. Protini za maziwa hushika povu vizuri, basi viputo hubaki ndani ya tone. Hewa ya mnara, ambayo huingia ikiwa na joto la karibu nyuzi 180 hadi 200, huvitanua. Chembe huvimba na kuwa na uwazi ndani. Ngozi ikiwa bado laini, hubonyea. Kwenye maziwa yasiyo na mafuta, kasini, protini kuu ya maziwa, huongeza mikunjo ambayo huonekana wazi kabisa kwa hadubini ya elektroni.

Nozeli ya presha haichanganyi hewa kwa kiasi hicho. Pampu husukuma maziwa kwenye tundu dogo, mara nyingi kwa baa 100 hadi 300, na chembe hutoka zimeshikana, zenye uwazi mdogo. Uzito uleule wa unga huingia kwenye mfuko mdogo zaidi. Nozeli inayopasua maziwa kwa hewa iliyoshindiliwa hutoa chembe ndogo sana zenye ukubwa usiolingana; inafaa maabara, ila umbo lililopatikana kwayo lisichukuliwe kuwa ndilo litakalotoka kwenye mnara wa diski.

Joto lina nguvu yake, sikatai: hewa kali mno huvimbisha hata tone lisilo na kiputo. Ila mwenye diski ana njia nyingine kabla ya kununua nozeli. Apitishe mvuke kuzunguka diski ili uchukue nafasi ya hewa. Mvuke ukinaswa kwenye maziwa yaliyo baridi kuliko wenyewe hugeuka maji, na kiputo hutoweka kabla ngozi haijafanyika.