Je, Ndege Vita ya Kale Inaibika?

Wageni wanaopita kwenye banda letu la ndege za kale huniuliza swali hili huku wakicheka: mtu akiruka ukuta usiku, si anawasha tu na kuondoka?

Kuhusu kuwasha hawajakosea sana. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, na wenzake wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hawana ufunguo. King'ora kikilia, rubani alitakiwa awe angani baada ya dakika chache; nani angeanza kupekua mifuko?

Kinachomshinda mwizi ni ndege yenyewe. Nyingi za maonyesho ni maganda matupu, mafuta yamenyonywa na betri imetolewa. Hata inayoruka bado haitaki pupa. Injini yenye silinda zilizopangwa duara ikikaa siku kadhaa, oili huchuruzika hadi silinda za chini. Usipoizungusha propela kwanza, oili hiyo haibanwi kama hewa, na mkono wa pistoni hupinda. Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Kijerumani, ilihitaji mtu wa nje azungushe hendeli ndipo iwake. Spitfire ikikawia chini, injini huchemka. Tena mkia wake umelala, pua inamziba rubani, kwa hiyo huenda akipinda kushoto na kulia ili aone mbele. Mwizi afanye hayo gizani!

Wapo waliofaulu. Mikhail Devyatayev, rubani wa Kisovieti aliyekuwa mfungwa wa Wajerumani, alitoroka na Heinkel He 111, ndege yao ya kudondosha mabomu, huko Peenemünde, Ujerumani, tarehe 8 Februari 1945, akiwa na wafungwa wenzake 9. Walikuta betri haipo, wakahangaika hadi wakapata nyingine. Mara ya kwanza ndege iligoma kupaa. Mara ya pili wenzake walimsaidia kusukuma usukani, ikanyanyuka. Huyo alikuwa rubani wa vita, na ndege ilikuwa ya kazi, si ya makumbusho.

Ndiyo maana mimi simwogopi sana mruka ukuta; namhofia zaidi mtu wa ndani. Mwaka 1969 aliyeondoka na C-130, ndege ya mizigo ya jeshi la anga la Marekani kutoka Mildenhall, Uingereza, alikuwa fundi wa kikosi hichohicho. Alipaa, akapotelea baharini. Na hata mwizi akitua salama, ndege ya kale utamuuzia nani? Zilizobaki zinajulikana moja moja kwa namba zake, na wanunuzi wake wanafahamiana.

Kinachoibwa hasa ni vitu vidogo, kama saa na mita za chumba cha rubani. Hapo nasema bila utani: nyingi za zamani zilipakwa rangi yenye radiamu, elementi inayotoa mionzi, ili zing'ae usiku. Mng'ao ulishakufa, mionzi bado ipo, na vumbi la rangi hiyo likivutwa au kumezwa linadhuru. Ukiwa na mita ya namna hiyo nyumbani, usiifungue wala kuikwangua. Waite wataalamu wa mionzi waje kuipima.