Sheria ilitangulia, mioyo ikafuata baadaye

Wengi hudhani Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa za watu wa rangi tofauti kwa sababu jamii ilikuwa imeshazikubali. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 1958 Richard Loving, mzungu, na Mildred, mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Marekani, walikamatwa Virginia, chumbani mwao, usiku, kwa kosa la kuoana. Kifungo chao cha mwaka mmoja kiliahirishwa kwa sharti kwamba waondoke jimboni na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Mwaka huohuo shirika la Gallup liliuliza maoni ya Wamarekani kuhusu ndoa kati ya weupe na weusi: waliounga mkono walikuwa asilimia 4 tu.

Mahakama iliwapa akina Loving ushindi Juni 12, 1967, na marufuku katika majimbo 16 ikakosa nguvu. Je, watu walibadilika siku hiyo? Mwaka 1968 waliounga mkono walikuwa takriban asilimia 20. Wengi wa waliohojiwa hawakuunga mkono hadi miaka ya 1990. Mwaka 2021 wakafika asilimia 94.

Alabama nayo ilifuta marufuku kwenye katiba yake mwaka 2000, kwa kura ya wananchi. Haikuwa na nguvu yoyote kisheria tena, lakini takriban asilimia 40 ya wapiga kura walitaka ibaki. Hao hawakuwa watu wa zama za utumwa. Wengi wao wangali hai.