Wavu wa kuku haumzuii nguchiro

Kwa miaka mingi wafugaji wengi wa Kakamega, Vihiga na viunga vya Kisumu wameamini kwamba banda likishazungushiwa wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, kuku wako salama. Ukweli ni kwamba wavu huo ulikusudiwa kuwazuia kuku wasitoke. Waya wake ni mwembamba na umesokotwa tu, hivyo mbwa huurarua kwa meno, na paka pori hupenyeza mguu tunduni akamjeruhi kuku aliyelala karibu. Afadhali wavu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, angalau kwa mita moja ya chini, hata kama bei yake ni ya juu.

Sehemu inayopuuzwa mno ni ardhi. Nguchiro huanza kuchimba pale pale wavu unapogusana na udongo, kwa hiyo kunja wavu kuelekea nje, uulaze chini kwa sentimita 40 hivi, kisha uufunike kwa udongo na mawe, ili kila anapochimba akutane na waya. Paa nalo lifunikwe, kwa sababu ya mwewe, na mlango uwe na komeo lisilofunguka kwa kusukumwa.