Matangazo yanakula bando, na Chrome ya simu haina dawa

Muulize muuza simu yeyote wa Darajani brauza ipi nzuri, atakwambia Chrome, kwa sababu ndiyo aliyoikuta ndani ya simu. Kwa kusoma habari au kuangalia saa za boti inatosha. Tatizo lake ni kwamba Chrome ya Android haikubali kutiwa ekstensheni, yaani vijiprogramu vya nyongeza, kwa hivyo kizuia matangazo hakina pa kukaa.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa mepesi mpaka juzijuzi. uBlock Origin, kizuia matangazo anachokitengeneza Raymond Hill na kukitoa bure, hukaa mlangoni: kila ukurasa unapotaka kuvuta picha, video au kipande cha programu, yeye huangalia kwanza anuani. Ikiwa imo kwenye orodha za matangazo, ombi halitoki, na MB haziliwi. Google ikaleta kanuni mpya za ekstensheni, Manifest V3. Sasa kizuizi kinaikabidhi brauza sheria zake, halafu brauza ndiyo inayozuia. Chrome toleo la 139, la mwaka 2025, iliacha kuukubali mfumo wa zamani. Imebaki uBlock Origin Lite, ambayo inafaa lakini uwezo wake ni mdogo.

Google wanasema ni kwa ajili ya usalama, na hoja hiyo si ya kupuuza: ekstensheni inayoona kila kitu ikiangukia mikono mibaya, na nywila zako zimekwenda. Lakini msemaji anakula kwa matangazo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na kesi hiyo ilifichua kuwa mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la mwanzo kwenye simu na brauza za wengine. Katika wanaolipwa yumo Mozilla, mwenye Firefox, na sehemu kubwa ya mapato yake inatoka huko huko. Kwa hivyo ukihamia Firefox hujamkimbia Google, umempunguzia tu.

Pamoja na hayo, kwa Android nasema Firefox. Brave, brauza nyingine, ina kizuizi chake cha ndani na haitaki kazi yoyote, ila imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome ya Google, na kwenye simu huwezi kuitia uBlock Origin.

Fungua Firefox, gusa vidoti vitatu, ingia «Extensions», tafuta uBlock Origin na uiongeze. Hakikisha neno Origin lipo. Ile inayoitwa uBlock tu ni ya watu wengine. Kisha fungua mipangilio yake kwa alama ya gia, na utie tiki kwenye «Block media elements larger than». Namba iliyopo ni 50, yaani KB 50. Hapo ndipo bando linapookolewa khasa: picha na video kubwa hazishuki mpaka uziguse mwenyewe. Kwa anayenunua kifurushi cha siku Micheweni au Makunduchi, kitiki hicho kina faida kuliko kizuizi chenyewe. Ukiwa kwenye Wi-Fi, kiondoe, maana kurasa za picha zitakuchosha.

Ukurasa wa malipo au fomu ya afisi fulani ikigoma, usiifute ekstensheni. Ifungue ukiwa kwenye ukurasa huo huo, gusa alama kubwa ya kuzimia, halafu pakia upya. Imezimwa kwa tovuti hiyo tu. Nami huzima kwa magazeti ya kwetu, kwa sababu wanaishi kwa vitangazo hivyo vichache.

Wengi hulalamika kwamba wametia kizuizi na matangazo yako pale pale. Mara nyingi kiungo wamekifungua ndani ya Facebook au Instagram, ambazo zina brauza yao ya ndani, na uBlock haifiki humo. Gusa vidoti, chagua kufungua kwenye brauza ya nje. Yale yanayoruka juu ya skrini hata brauza ikiwa imefungwa mara nyingi ni arifa: mtu aliwahi kugusa «Allow» kwenye tovuti fulani. Yafute kwenye mipangilio ya arifa za Chrome.

Kwa matangazo ya ndani ya magemu, tumia DNS ya faragha («Private DNS»), huduma inayoitafutia simu anuani za mtandao, iliyopo tangu Android 9. Iko kwenye mipangilio ya mtandao, andika dns.adguard-dns.com, ambayo haitoi anuani za matangazo. Ya YouTube haitayagusa, kwa sababu yanatoka kwenye seva zile zile za video. Na ukifika hoteli ya Nungwi au Paje yenye Wi-Fi ya kujaza jina kwanza, ukurasa wa kujaza huenda usitokee kabisa. Irudishe DNS kwenye «Automatic», jisajili, kisha iandike tena.