Estrojeni si homoni "inayoleta damu"

Juzi, katika duka moja la dawa huku Sinza, nilimsikia muuzaji akimweleza binti aliyepitiliza siku zake kwamba estrojeni ndiyo homoni inayoleta damu, hivyo ikipungua damu haitoki. Maelezo hayo nimekwisha kuyasikia mara nyingi mno.

Estrojeni ni jina la kundi la homoni, zikiwamo estradioli, estroni na estrioli. Katika umri wa kuzaa, estradioli ndiyo yenye nguvu zaidi, na hutengenezwa hasa na ovari, yaani viungo vya mwanamke vinavyotunza mayai. Huimarisha mifupa, na hata wanaume wanayo.

Jina lenyewe halihusiani na hedhi. Linatokana na neno la Kigiriki oistros, yaani pange, yule nzi anayewauma ng'ombe mpaka wakatimua mbio. Baadaye wataalamu wakalitumia kwa hali ya mnyama jike anayetaka dume, ambayo wafugaji wetu huiita joto. Mwaka 1923, huko St. Louis, Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy waliwadunga panya waliotolewa ovari majimaji kutoka vifuko vya mayai ya nguruwe, nao wakaonyesha dalili za joto. Estrojeni, kwa hiyo, ni "kinacholeta joto", tena joto la panya, ilhali mwanamke hana kipindi cha namna hiyo.

Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, kazi ya estrojeni ni kujenga: huukuza utando wa ndani wa mji wa mimba, na ikipanda vya kutosha na kudumu hapo kwa siku mbili hivi, huisukuma tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kuachilia homoni inayolitoa yai. Kifuko kilichoachwa na yai huanza kutoa homoni nyingine, projesteroni, ambayo huuandaa utando huo kupokea mimba. Mimba isipotunga, kifuko hunyauka baada ya wiki mbili hivi, homoni zote mbili hushuka, na kushuka huko ndiko kunakoleta damu.

Muuzaji hakukosea yote, kwa sababu estrojeni ikiwa chini kwa muda mrefu, kama kwa aliyekonda kupita kiasi, utando haujengeki na hakuna cha kutoka. Lakini mimba nayo huzuia hedhi, na ndani yake estrojeni huwa juu, si chini. Yule binti alistahili kwanza kushauriwa apime mimba, ndipo habari za homoni zifuate.