Haragwe kavu halijafa

Pale Nyamakima, mama wa nafaka hakupimii gorogoro kabla hajang'ata haragwe moja mbele yako. Likipasuka ka!, limekauka. Likipokea jino, anarudi kuanika.

Wengi wanaamini haragwe lililokauka kiasi hicho limekufa. Sivyo. Bado lina maji, kama asilimia 12 ya uzito wake, na uhai wake umetulia tu.

Dhana nyingine, ambayo hata walimu wameniambia, ni kwamba ganda ndilo linaloikinga mbegu na ukavu. Ganda husaidia dhidi ya wadudu na mikwaruzo, lakini haliwezi kuiokoa seli inapokauka. Hatari yenyewe iko ndani, kwenye utando wa kila seli. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, na vichwa vya molekuli zake hutenganishwa na maji. Maji yakiondoka, vichwa hubanana na mafuta yanakakamaa kama mafuta ya kupikia asubuhi ya Julai. Maji yakirudi, utando unavuja. Ndiyo maana haragwe, likiwa bado kwenye mmea, hujiwekea akiba ya sukari: sukrosi, rafinosi, stakiosi. Sukari hizo hukalia nafasi za maji ili vichwa visibanane, kisha kilichomo ndani ya seli kinakuwa kigumu kama peremende, bila kufanya chembechembe. Zipo pia protini za LEA, ambazo mbegu huzitengeneza kwa wingi inapokaribia kukomaa, zilizotambuliwa kwenye mbegu za pamba mwaka 1981, zinazosaidia kazi hiyo.

Na rafinosi na stakiosi ndizo hizo hizo zinazokupigia ngoma tumboni baada ya githeri! Hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo bakteria wa utumbo mpana wanazila na kutoa gesi.

Kinga hiyo haidumu milele. Mbegu ikizeeka, utando huchakaa, na ukiiloweka chumvi zake zinatoka. Wapima mbegu hupitisha umeme kwenye maji hayo: umeme ukipita kwa wingi, mbegu imechoka.

Kila msimu kuna mtu anayeanika kokwa za avokado dirishani ili apeleke ushago, akidhani kila mbegu hukaushwa. Avokado na embe hazihimili ukavu. Zipande zikiwa mbichi. Benki ya jeni, yaani ghala la kuhifadhi mbegu, kule Muguga hukausha mbegu kabla ya kuzitia kwenye baridi kali, na kokwa hizo zingefia njiani.

La mwisho si la mmea, ila jirani yangu hapa Umoja ananilazimisha. Anasema maji ya uvuguvugu kwenye hamira ni ya kuharakisha tu. Hamira kavu hujikinga kwa sukari nyingine, trehalosi, lakini ukiiamsha kwa maji baridi tando zake huvuja zikiwa bado zimekakamaa, na seli nyingi hufa. Mandazi yake ya Jumapili yalikuwa bapa kama chapati.