Manjano na asali haviponyi aleji

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: acha vidonge vya aleji, vinaua figo, kunywa manjano na asali, tiba ya Ayurveda kutoka India, utapona kabisa.

Si kweli. Mwili wenye aleji humwaga kemikali iitwayo histamini, ndiyo inayoleta chafya, macho kuwasha na vipele. Vidonge kama setirizini huizuia isifanye kazi, ila haviondoi aleji yenyewe. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: dawa ikiisha nguvu chafya inarudi, wanadhani imeshindwa. Kuhusu figo, mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na pengine uvumi ulianzia hapo. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, au muulize mfamasia.

Manjano ya mchuzini hayana neno. Lakini baadhi ya dawa za Ayurveda zilipopimwa zilikutwa na madini ya risasi na zebaki, ingawa zinaitwa za asili.

Midomo ikivimba na pumzi ikibana, kimbilia hospitali. Hapo inatakiwa sindano ya adrenalini. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Huenda mama akausoma mwanawe akiwa tayari anakosa pumzi, naye akaanza kuchemsha manjano.